Presha Ni Msukumo: Kutoka Sufuria ya Maharagwe hadi Mkono wa Mama Mjamzito

  Leo tunazungumza juu ya presha.

Neno hili tunalitumia kila siku hapa Matisi. Mtoto akisumbua tunamwambia, "Usinipandishe presha!" Karo ikikosekana tunasema, "Nina presha." Kwa hivyo watu wengi wamechukulia kwamba presha ni hasira au mawazo mengi. Hapo ndipo hatari inapoanza. Mama mjamzito anayeamini hivyo atasema, "Mimi sina mawazo, nimetulia, bwanangu ananitunza, basi presha sina." Ataruka kliniki moja, ataruka ya pili. Na huenda presha yake imepanda na yeye hasikii lolote.

Kwa hivyo leo tutaeleza presha ni kitu gani hasa. Tutaanza shambani, tupite kwenye tangi la maji na jikoni, halafu tuingie ndani ya mwili.

Presha ni nini?

Presha ni msukumo. Wataalamu wa Kiswahili huiita shinikizo au kanieneo, yaani kani juu ya eneo. Maana yake ni nguvu inayosukuma, ikigawanywa juu ya mahali inaposukuma.

Mvua ikinyesha, pita shambani ukiwa umevaa gambuti. Utatembea tu. Siku nyingine pita hapo hapo ukiwa na viatu vya kisigino chembamba vya kwenda harusini. Kisigino kitazama chote. Uzito wako haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali uzito huo unapobanwa. Ukisambaa kwenye soli pana, msukumo ni mdogo. Ukikusanywa mahali padogo, msukumo ni mkubwa. Ndiyo sababu pia sindano yenye ncha kali huingia kwa urahisi, lakini kidole hakiingii.

Maji nayo yana msukumo

Wengi wenu mna tangi la maji lililoinuliwa juu ya mbao au ya mawe. Kwa nini fundi hakuliweka chini? Kwa sababu maji yaliyo juu hulemea yale yaliyo chini. Kadiri tangi linavyoinuliwa, ndivyo maji yanavyotoka kwa nguvu kwenye mfereji. Si ukubwa wa tangi unaoleta nguvu hiyo, ni kimo chake.

Sasa fungua mfereji uliounganishwa na mpira, halafu bana mdomo wa mpira kwa kidole. Utausikia mpira unakaza nyuma ya kidole chako, na maji yanayopenya yanaruka mbali. Njia imekuwa nyembamba, msukumo wa nyuma yake umeongezeka. Mpira ukiwa mzee, utapasuka au utavuja mahali palipo dhaifu. Shikeni picha hii ya mpira, tutairudia.

Sufuria ya Kitale na sufuria ya Mombasa

Hewa tunayovuta pia ina uzito, nayo inatusukuma pande zote. Pwani, msukumo wake ni karibu kilo moja kwa kila sentimita mraba moja, yaani eneo kama la ukucha wa kidole. Hatuusikii kwa sababu ndani ya miili yetu kuna msukumo unaolingana nao.

Kitale iko juu ya usawa wa bahari kwa mita kama 1,900. Huku juu hewa ni nyepesi zaidi, na msukumo wake ni karibu sehemu nne kwa tano za ule wa Mombasa. Jambo hili linaonekana jikoni. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kushinda msukumo wa hewa iliyo juu yake. Mombasa yanahitaji kufika nyuzi 100 za Selsiasi. Bungoma, iliyo kwenye mita kama 1,400, yanachemka kwenye nyuzi kama 95. Hapa Kitale yanachemka kwenye nyuzi kama 94.

Kwa hivyo mgeni wako kutoka pwani akishangaa kwamba githeri yako inachukua muda mrefu, usikubali aseme hujui kupika. Maji yako yanatokota kweli, lakini hayana joto kama ya kwake. Na kuongeza kuni hakusaidii. Maji yakishachemka katika sufuria ya kawaida, moto mkali unayamaliza haraka tu, hauyaongezei joto. Punguza moto, funika sufuria, uhifadhi makaa yako.

Kuna mambo mawili ya afya hapa. La kwanza ni maharagwe, hasa yale mekundu. Yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha yasipoiva. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe sana katika maji mapya mpaka yalainike kabisa. Usimpe mtoto maharagwe ambayo bado yana ugumu ndani. La pili ni maji ya kunywa. Wengine huuliza, "Kama maji yetu hayafiki nyuzi 100, je, vijidudu vinakufa?" Ndiyo, vinakufa. Vijidudu vinavyoleta magonjwa ya kuhara huanza kufa kabla maji hayajachemka. Acha maji yatokote kwa nguvu kwa dakika moja. Ninyi mnaoishi juu zaidi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kupita mita 2,000, acheni dakika tatu.

Sufuria ya presha hufanya nini? Inafunga mvuke ndani. Mvuke ukikosa pa kutokea, msukumo unaongezeka, na maji hayachemki mpaka yafike nyuzi kama 115 hadi 120. Ndiyo sababu maharagwe huiva upesi. Lakini chombo kilichofungwa kikipata joto ni chombo chenye nguvu ndani yake. Usiijaze kupita theluthi mbili, na kwa maharagwe usipite nusu. Hakikisha tundu la kutolea mvuke halijazibwa na maganda. Usiifungue kwa nguvu. Iondoe motoni, ngoja itulie yenyewe, watoto wakiwa mbali. Mtungi wa gesi pia uweke wima, mbali na jiko la makaa na jua kali, kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa tuingie mwilini

Moyo ni pampu. Mishipa ni mipira ya maji. Damu ni maji yanayopita. Kila moyo unapopiga, unasukuma damu kwenye mishipa, nayo damu inasukuma kuta za mishipa hiyo. Msukumo huo ndio presha ya damu. Kila mtu aliye hai anao. Bila presha damu isingefika kwenye ubongo, wala kwa mtoto aliye tumboni. Kwa hivyo shida si kuwa na presha. Shida ni presha kupanda kupita kiasi au kushuka kupita kiasi.

Mtu wa kwanza kujulikana kupima presha ya damu alikuwa kasisi wa Uingereza, Stephen Hales, aliyechapisha kazi yake mwaka 1733. Aliingiza mrija kwenye mshipa wa farasi jike, na damu ikapanda katika mrija huo zaidi ya mita mbili na nusu. Bila shaka hatuwezi kuwafanyia hivyo akina mama kliniki! Mwaka 1896 daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alitengeneza kitambaa cha kufunga mkononi na kujazwa hewa. Mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkov, akaonyesha jinsi ya kusikiliza sauti ya mshipa. Kazi ya watu hao wawili ndiyo tunayoitumia mpaka leo.

Muuguzi anapokufunga kitambaa na kukijaza, kinabana mshipa mpaka damu inasimama kwa muda mfupi. Kisha analegeza hewa polepole akisikiliza. Damu inapoanza kupenya, mshipa unatoa sauti ya kugonga. Hapo anaandika namba ya juu, ambayo ni msukumo wakati moyo unapopiga. Sauti inapopotea, anaandika namba ya chini, ambayo ni msukumo wakati moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo.

Namba hizo ni milimita za zebaki. Zebaki ni metali ya majimaji iliyo nzito kuliko maji mara 13 na zaidi. Presha ya 120 ina nguvu ya kupandisha zebaki milimita 120. Kama tungetumia maji, yangepanda zaidi ya mita moja na nusu, yaani karibu kimo cha mtu mzima. Siku hizi mashine nyingi hazina zebaki, lakini namba ni zile zile.

Jinsi ya kupimwa vizuri

Kwa kuwa damu ni kitu cha majimaji, inafuata kanuni ile ile ya tangi. Mkono ukining'inia chini ya moyo, namba itapanda bure. Kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza karibu 8. Kwa hivyo ukienda kupimwa:

Pumzika dakika tano, ukiwa umekaa na mgongo umeegemea.
Nenda haja ndogo kwanza.
Usipishanishe miguu, na usizungumze wakati unapimwa.
Mkono ulale juu ya meza, usawa wa moyo, bila nguo chini ya kitambaa.
Mwambie muuguzi ikiwa kitambaa kinakubana sana kwa kuwa mkono ni mnene. Kitambaa kidogo hutoa namba kubwa isiyo ya kweli.

Halafu uliza, "Sista, presha yangu ni ngapi?" Ni haki yako kujua. Hakikisha imeandikwa katika kitabu chako cha kliniki.

Presha na ujauzito

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Kuna ugonjwa wa presha unaotokana na mimba yenyewe. Kwa kawaida huanza baada ya wiki 20 za ujauzito, na unaweza kumpata hata mama ambaye hajawahi kuwa na presha maishani mwake.

Mwanzoni mwa mimba, mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma inapaswa kupanuka, ili mtoto apate chakula na hewa. Kwa baadhi ya akina mama haipanuki vizuri. Kondo likikosa damu ya kutosha, linatoa kemikali zinazoingia katika damu ya mama na kuumiza ngozi ya ndani ya mishipa. Mishipa inajibana. Kumbukeni ule mpira uliobanwa kwa kidole: njia imekuwa nyembamba, msukumo umeongezeka. Na mishipa iliyoumia huanza kuvuja. Maji yanatoka na kujaa usoni na mikononi. Protini inapita kwenye figo na kuingia katika mkojo. Ndiyo maana kliniki tunakuomba mkojo pia. Si kukusumbua.

Ugonjwa ukiendelea unaweza kuharibu figo na ini, ukafanya kondo kubanduka, au mtoto akakosa kukua. Ukifika kwenye ubongo, mama anashikwa na degedege. Hicho ndicho kifafa cha mimba, na kinaweza kumuua mama na mtoto wake. Si mapepo, si kurogwa, wala si laana ya ukoo. Ni msukumo katika mishipa pamoja na mishipa iliyoumia.

Yeyote anaweza kuupata, lakini hatari ni zaidi kwa mama wa mimba ya kwanza, mwenye mapacha, mwenye umri wa kupita miaka 35, mwenye uzito mwingi, mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au presha ya zamani, na aliyeupata katika mimba iliyotangulia. Vile vile kama mama yako au dada yako aliupata. Mweleze muuguzi mapema, katika kliniki ya kwanza. Huenda daktari akakupa aspirini ya kiwango kidogo, ambayo hufaa ikianzwa kabla ya wiki ya 20. Usijianzishie mwenyewe.

Namba na dalili za hatari

Namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, hiyo ni presha ya kupanda katika mimba. Itapimwa tena ili kuhakikisha. Namba ya juu ikifika 160, au ya chini 110, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Usirudi nyumbani kwanza kupika ugali.

Dalili za hatari ni hizi: kuumwa na kichwa sana na kusikopoa, kuona ukungu au nyota machoni, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, kuvimba uso na mikono ghafla, kukojoa kidogo sana, kushindwa kupumua vizuri, na degedege. Hata moja tu inatosha kukupeleka hospitali.

Tafadhali sikilizeni vizuri. Mama wengi hawana dalili yoyote mpaka presha imepanda sana. Huwezi kuona msukumo ulio ndani ya mpira kwa kuutazama, na huwezi kujua presha kwa kumtazama mtu usoni. Lazima ipimwe. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mama mjamzito aonwe na mhudumu wa afya angalau mara nane, na nyingi ya ziara hizo ni katika miezi ya mwisho, wakati presha hii inapopenda kutokea. Usingoje kichwa kiume. Kama kliniki ni mbali, muulize mhamasishaji wa afya wa mtaa wenu. Tangu Septemba 2023 serikali ya Kenya ilianza kuwapa mikoba ya vifaa, na mashine ya presha ni mojawapo.

Tukisikia haya, tuyajibu vipi?

"Miguu ikivimba ni dalili ya mapacha au mtoto wa kiume." La. Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida, lakini uso na mikono vikivimba, nenda upimwe.

"Niache chumvi, presha itaisha." Chumvi kidogo ni nzuri kwa afya, lakini haitibu ugonjwa huu. Chanzo chake kiko kwenye kondo.

"Jirani ana dawa za presha, nitaomba mbili." Usifanye hivyo. Baadhi ya dawa za presha za kawaida humdhuru mtoto aliye tumboni. Ziko dawa zinazofaa wajawazito, na daktari anazijua.

"Nikishajifungua nimepona." Ni kweli kwamba tiba yenyewe ni mtoto na kondo kutoka. Lakini presha inaweza kubaki juu, au kutokea baada ya kujifungua, hata wiki kadhaa baadaye. Mama aliyejifungua akiumwa na kichwa sana, msimwambie ni uchovu wa mtoto. Mpelekeni apimwe.

Mama akishikwa na degedege nyumbani

Mlaze kwa ubavu wa kushoto. Ondoa jiko, viti na vyombo vilivyo karibu naye. Usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni. Usimshike kwa nguvu. Usimpe maji, uji wala dawa ya kunywa. Tafuta gari mara moja, hata kama degedege limekoma, kwa sababu linaweza kurudi. Bodaboda haifai kwa mama asiyejitambua. Chukueni kitabu chake cha kliniki, na mtu mmoja atangulie kupiga simu hospitali.

Hospitalini kuna sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha maelfu ya akina mama katika nchi nyingi, ulionyesha kwamba dawa hii inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Si dawa ya gharama kubwa. Lakini itamfaa tu mama aliyefika.

Akina baba, hapa ndipo mnapohitajika. Wekeni akiba ya nauli mapema. Mjue namba ya mwenye gari mtaani ambaye anaweza kuamka usiku. Mama mkwe naye, akisikia binti analalamika juu ya kichwa au macho, asimwambie avumilie kama wao walivyovumilia. Ampe leso, waende.

Mambo ya kukumbuka

Presha ni msukumo wa damu ndani ya mishipa. Si hasira, si mawazo.
Inaweza kupanda bila dalili. Ipimwe kila kliniki, na uijue namba yako.
140 kwa 90 ni onyo. 160 kwa 110 ni dharura.
Kichwa, macho, maumivu chini ya mbavu, kuvimba uso: hospitali siku hiyo hiyo.
Baada ya kujifungua, endelea kupimwa.

Wasikilizaji wapenzi, kwa leo tukomee hapo. Kama una mimba na hujapimwa presha mwezi huu, kesho asubuhi nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kama huna mimba, mwambie jirani aliye nayo.